Perege Mwenye Hereni

Kambi ya wavuvi,
Bwawa la Nyumba ya Mungu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti likiwa limetulia na yule ng'ombe wako mkorofi akiwa ameshazaa. Mimi sijambo kabisa, ila jua la huku chini limeniunguza mpaka hutanitambua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe huuliza kama mvua imenyesha, ukishajibiwa unakata.

Najua Jumapili ulinisubiri kama kawaida yetu mpaka chai ikapoa. Mvua ilikata barabara ya kuja huko kwako Kighare na bodaboda wote wakagoma kupanda mlima. Basi nikasali huku chini, Lembeni, na hilo ndilo lililoniokoa.

Sikukuambia hali ilivyokuwa mbaya. Unavikumbuka vile vipande vyekundu vya plastiki ninavyowachomeka perege mgongoni kabla ya kuwarudisha majini. Mvuvi akimpata mmoja anatakiwa aniletee kipande na kunieleza alimvua wapi, na hapo ndipo napata kujua kama samaki wanaongezeka au wanakwisha. Msimu mzima sikuletewa hata kimoja. Mkuu wangu wa Dar alishasema mwezi huu ukiisha hivihivi mradi unafungwa, nami narudi pwani. Nilikuwa nimeanza kufunga mizigo, Baba, huku nalia.

Kumbe Lembeni ilikuwa sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka: mayai, mikungu ya ndizi, na jogoo mmoja aliyemchafulia mchungaji kanzu. Mzee wa kanisa, Erasmo, ndiye aliyekuwa akinadi. Akainua perege mnene, na mgongoni nikaona kipande chekundu. Nilitaja bei kwa sauti ambayo hata mimi iliniaibisha. Jenoveva, mama mmoja muuza vitumbua, akadhani natamba, akapandisha. Nikapandisha, naye akapandisha. Watu walicheka mpaka kwaya ikaacha kuimba. Nilimpata kwa bei ya mbuzi, na Jenoveva akaniambia waziwazi kwamba wasomi tuna hela za kuchezea.

Nilipomwonyesha Mzee Erasmo kile kipande na kumweleza ni changu, alishika kichwa. Akasema wavuvi wote wanajua hao ni samaki wa serikali. Ng'ombe akivalishwa hereni ana mwenyewe, kwa hiyo na samaki mwenye hereni ana mwenyewe. Ukimla ni wizi, ukimuuza ni kesi. Matangazo yangu kambini waliyaona mtego wa kuwakamata. Wakaona heri wamtoe sadaka, atakayemdai akamdai kanisani. Erasmo huwa anazichomoa hizo hereni na kuziweka kwenye kopo la maziwa ofisini, akimsubiri mwenye mali, ila siku hiyo haraka za mnada zilimsahaulisha. Kopo lilikuwa limejaa. Nilimkumbatia mzee wa watu mbele ya mke wake.

Na wewe uliyewavalisha hereni ng'ombe wa Same mpaka ukastaafu, sehemu ya lawama ni yako.

Erasmo aliwatoa hofu, na Jumatatu wavuvi walikuja wenyewe, wakibishana kila mmoja alimvua wake wapi, nami nikiandika mpaka mkono ukauma. Baba, perege wanaongezeka. Jana mkuu alipiga simu: mradi unaendelea miaka mingine miwili. Nimefungua mizigo yote.

Sasa lipo jambo nililokuficha. Kila mara unanicheka kwamba nilisomea bahari nikatupwa bwawani, nami nacheka na wewe. Hakuna aliyenitupa. Tulipomzika Mama ulisema utaweza kukaa peke yako, na kwamba nikithubutu kuacha kazi kwa ajili yako hutanifungulia mlango. Sikuiacha, Baba. Niliomba kuhamia kwenye maji yaliyo karibu na wewe kuliko yote. Kilichokuwa kinaniliza nikifunga mizigo ni hizo Jumapili zetu.

Kama umekasirika, kasirika mpaka Jumapili, nitakukuta jikoni na tutayamaliza. Yule perege wa mnada nimemkausha, nakuja naye. Namba ya hereni yake nimeshaiandika daftarini, kwa hiyo hereni yenyewe nimekuwekea ndani ya bahasha hii. Itundike pale ulipotundika zile za ng'ombe.

Wasalimie majirani wote, na ndama kama yupo.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Rogathe