Unajenga au Unajishikiza?

Pongwe, Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku pwani ndivyo wanavyosalimiwa wakubwa, nami nimezoea mpaka najikuta naitamka peke yangu nikikukumbuka. U hali gani? Mguu umepoa? Mimi ni mzima. Homa imeniacha, ila dawa ya kwinini imeniachia masikio yanayovuma. Nawe Yosefu, ndugu yangu unayemsomea Mama, soma taratibu, wala usiruke mahali.

Andrea, mwenzangu wa kambini, aliporudi huku kutoka likizo ya nyumbani alinifikishia maneno yako yote: nyumba inavuja, shamba la bondeni limelala, na mkataba wangu wa mkonge umekwisha, basi nangoja nini huku. Mama, nimekawia kujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, lakini nivumilie nilifikie polepole.

Kule kwenye kambi ya mkonge nilikuwa nikimsaidia fundi wa karakana, ndiko nilikojifunza kutengeneza baiskeli. Hapa Pongwe baiskeli zinapita kutwa kwenda mjini na kurudi, na mtu akipasukiwa na mpira hana budi kuikokota. Nikaona nianze kazi yangu mwenyewe. Mama mmoja mtu mzima, Bibi Mwanaidi, akanipa kipande cha ardhi yake kando ya njia. Sharti lake, nipande mchicha au muhogo nikipenda, ila mnazi nisipande, maana huku mwenye mnazi ana haki ya kuurudia mnazi wake, hata kama ardhi ni ya mwingine. Nikacheka, nikamwambia sina haja ya minazi, nataka kibanda tu.

Nikakipanga kwa akili ya mtu asiye na kitu. Nguzo ni ile milingoti inayobaki shambani mkonge ukishachanua, unajiokotea tu. Kamba za katani, kuta za fito na udongo, paa la makuti, na mlango wa madebe ya mafuta ya taa yaliyobanjuliwa. Nikachora yote mchangani kwa kijiti, nikajiona mhandisi. Bibi Mwanaidi akaja, akatazama, akauliza watu watakaa wapi. Nikamwambia watakaoingia ni baiskeli. Akanionea huruma. Akanieleza kwamba huku mtu hukaa kwanza barazani, akazungumza weee, ndipo anapokumbuka kwamba hata breki zake hazishiki. Bila baraza nitakaa peke yangu na spana zangu. Basi nikaongeza baraza.

Kisha akaja Mbwana, fundi wa nyumba, Mbondei mmoja mwenye maneno machache. Akaugonga mlingoti mmoja kwa kidole, akasema hicho ni chakula cha wadudu, hakitamaliza masika mawili. Nikitaka kitu cha kukaa ninunue boriti za mikoko. Halafu akaniuliza, "Petro, unajenga au unajishikiza?"

Kujishikiza ni kukaa mahali na moyo wako uko kwingine, kila siku unasema kesho naondoka. Na mimi ndivyo nilivyoishi tangu nishuke huku. Kule kambini sikupigilia hata msumari wa kutundikia shati. Nguo zangu zilikaa sandukuni miaka yote, kama mtu anayengoja gari.

Nikaenda kwa Bibi Mwanaidi kuomba ruhusa, kwa kuwa niliona kusimika mikoko ni ndugu ya kupanda mnazi. Nilimkuta anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Ukisimika mikoko, mwanangu, si mpita njia tena, u jirani yangu," akasema. "Na jirani, siku nikifa, atakuja kuzika. Uko tayari?"

Sikuwa namfikiria yeye, Mama. Nilikuwa nafikiri ni nani atakayekuzika wewe, na mimi niko huku. Nilirudi njiani nalia, na watu wa baiskeli wananiona.

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Mama, nimesimika mikoko. Kwa hiyo lile shamba la bondeni mpe Yosefu alilime liwe lake, lisilale tena kwa jina langu. Yosefu, hapa ndipo nilipokuambia usiruke. Kiangazi nitakuja niezeke nyumba mwenyewe, kwa mikono yangu, nyasi mpya pande zote. Nikimaliza nitakuomba tufuatane, uje ukae huku hata kidogo. Ukikataa sitakulaumu, ila nitakuomba.

Nisalimie shangazi mfuma mikeka, na shemeji yangu mke wa Yosefu, na mzee katekista aliyenifundisha kuandika, na majirani wote wa kilimani. Hao majirani wasalimie zaidi. Sasa ndiyo najua wao ni nani kwetu.

Kuta zimekwisha kukandikwa. Imebaki baraza. Jana Mbwana aliipima kama wanavyoketi watu wa huku, miguu ikining'inia. Nikamwambia aipanue mpaka mtu aweze kuketi na kunyoosha miguu yote miwili, kama unavyoketi wewe. Akasema hiyo itakula udongo mwingi bure. Nikamwambia autie.

Mimi mwanao,
Petro