Matobolwa ya Kutafuna Ndege Ikishuka

Kwa Marehemu Mzee Kija,
Dutwa, Bariadi,
Simiyu.
6 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Amoni,

Mwangaluka, mdogo wangu. Hujambo wewe, wifi yangu Matilda na watoto? Hiyo baridi ya Calgary imewaachia kidogo? Sisi huku tunaamka na kulala, homa hatuna. Pamba imetoka ya wastani, na shamba la bondeni bado tunachuma. Habari yenyewe ni Mama, nitamfikia.

Barua hii anakuletea Violeth, binti wa Mwalimu Sylvester, pamoja na kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha khanga. Usikifungue ukaanza kula mbele ya televisheni. Soma kwanza.

Uliniambia kwenye simu kwamba safari ya mwezi ujao unaiogopa kwa sababu ya masikio. Sikucheki, maana nilikuona kwenye msiba wa Baba. Ulikuja na mafua, ndege ikashuka Mwanza wewe umelala, ukafika nyumbani masikio yameziba. Watu wazima walikuwa wanakusalimia na wewe unawapita kama nguzo ya umeme. Mpaka leo wapo hapa Dutwa wanaosema mtoto wa Kija akienda Ulaya anasahau Kisukuma, na nikiwaambia Kanada siyo Ulaya wanasema ni yale yale. Halafu Baba mdogo Mayala akakumiminia samli ya uvuguvugu masikioni, ukanukia maziwa msiba mzima. Tulicheka katikati ya kilio. Mwaka huu sina kicheko hicho.

Sauti ya Mama inakwisha, Amoni. Ule uvimbe wa kooni umekua, na daktari wa Mwanza ametuambia waziwazi kwamba dawa anazotupa ni za kupunguza maumivu tu. Unaikumbuka sauti ile. Alikuwa akituita chakula, watu wa ng'ambo ya mto wanageuka. Sasa inabidi uweke sikio karibu na mdomo wake ndipo upate neno. Siku ile ulipopiga simu ukawa unasema haloo, haloo, unalaumu mtandao, mtandao ulikuwa mzima. Mama alikuwa anaongea na wewe. Alinirudishia simu akageukia ukutani, nami nikatoka nje nikalia.

Kuna jambo moja analitaka kwako. Siku unaondoka baada ya msiba, alikushika kichwa pale mlangoni akakubariki. Wewe ulitabasamu ukapanda gari. Hukuitikia amina. Nimemweleza mara nyingi kwamba hukusikia, na anaelewa, lakini anasema baraka yake hukuipokea, imebaki pale pale mlangoni. Anataka kuisema tena ukiwa unamsikia. Niliomba niiandike humu akakataa. Aliniambia, "Nyamizi, hayo ni ya mdomo wangu mimi."

Basi tulipompeleka tena Mwanza nikamuuliza daktari habari zako, kwa kuwa anayetibu koo ndiye huyo huyo wa masikio. Alinieleza kwamba sikio na koo vimeunganishwa na njia nyembamba. Ndege ikishuka, hewa ya nje inakuwa nzito kuliko ile iliyo ndani ya sikio, na njia hiyo isipofunguka, ngoma ya sikio inavutwa ndani. Ndiyo maana unasikia maumivu na kuziba. Inafunguka ukimeza, ukitafuna au ukipiga miayo. Kwa hiyo usilale wakati wa kushuka. Mwombe jirani yako wa kiti akuamshe, na uanze kutafuna kabla masikio hayajauma. Yakigoma, bana pua, funga mdomo, kisha sukuma pumzi kwa upole. Nakurudia: kwa upole, siyo kama unapuliza kuni mbichi. Ukiwa na mafua, mwone daktari wa huko kabla ya kusafiri, anaweza kukupa dawa ya pua na kukueleza uitumie saa ngapi. Ukifika na bado yameziba au yanauma, tutakwenda hospitali. Samli ya Baba mdogo nitaificha mwenyewe.

Sasa kifurushi. Nilimwambia Mama kwamba daktari anataka utafune kitu, nikasema nitamwagiza Violeth akununulie bazoka za kutafuna, zile za dukani. Alinitazama kama mtu niliyemtukana. Kesho yake akaomba viazi vitamu. Alivichemsha, akavikata, akavianika mwenyewe, akakaa pembeni ya mkeka na kijiti mkononi akifukuza kuku, kwa sababu kuwakemea hawezi tena. Matobolwa haya ni magumu kweli, yatakutafunisha kutoka Dar mpaka Mwanza. Mengine yamekatwa upande, ndivyo mkono wake ulivyokata. Sikuyarekebisha.

Shemeji yako Novatus anakusalimu sana. Baba mdogo Mayala naye anakusalimu, anasema hana kinyongo kwa wewe kutomwitikia siku zile za msiba.

11 Julai

Violeth aliahirisha safari, kwa hiyo barua imekaa hapa mezani na mimi nimeifungua tena.

Mdogo wangu, tangu juzi sauti ya Mama imekwenda kabisa. Midomo inacheza lakini hakuna kinachotoka. Nimeweka sikio pale nilipozoea kuweka, nimesikia pumzi tu. Nina uchungu ambao siwezi kuuandika vizuri.

Nilimuuliza kama sasa anaruhusu niiandike ile baraka. Aliangalia mlango, kisha akakubali kwa kichwa. Haya ndiyo aliyokuambia siku ile: "Nenda, baba, urudi unikute. Usiponikuta, usijilaumu. Ingia ndani ule, hapa ni kwako."

Njoo, Amoni. Matobolwa tafuna, ushauri wa daktari ufuate, Mungu akushushe salama. Lakini hata masikio yakiziba, usiogope. Ukimwona anachezesha midomo, unajua anachosema. Inama akushike kichwa, kisha itikia amina, na uitikie kwa sauti. Yeye masikio yake bado ni mazima.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Nyamizi