Mapeasi Hamsini na Tisa

Jumatatu. Ukungu umekaa bondeni tangu asubuhi, nguo za juzi bado mbichi kwenye kamba. Mimi pia nimekaa tu. Nina aibu.

Mnaonisoma mnajua sikwenda shule hata siku moja. Mimi nasema, mkwe wangu Yudita anaandika kwenye simu. Leo nimemwambia: andika kila neno, usinipambie.

Jumamosi tulichuma mapeasi ya sadaka ya mavuno, mti ule wa nyuma ya jiko. Yudita alichuma, mimi nikapanga. Sihesabu mimi, napanga mafungu, kama mama yangu alivyouza sokoni Mlalo. Nikapanga mawili mawili: fungu la mwisho limepungua moja. Matatu matatu: limepungua moja. Manne, matano, sita, hivyo hivyo.

Maisha yangu yote sijaona mzigo wa namna ile. Fungu hili likikataa, lile hukubali. Nikasema basi, hawa ni mashahidi watano. Kuna peasi limeliwa.

Na Yudita ana mimba ya miezi saba.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamefika kuchukua kapu. Mbele yao nikamwambia, "Tumbo hilo! Hata sadaka ya Mungu halisubiri?" Mmoja akacheka. Yudita akasema tu, "Sijala, mama," akaingia ndani.

Jana hakwenda kanisani.

Niliporudi nilimkuta jikoni na bakuli la maharage. Akanihesabia punje hamsini na tisa. Kumbe mapeasi aliyahesabu wakati anachuma, mimi sikumuuliza. "Panga, mama." Nikapanga. Mbili mpaka sita, yale yale, pungufu moja.

"Sasa saba saba."

"Nani anauza fungu la saba, wewe?"

"Panga tu, mama."

Zikabaki tatu. Nane nane, zikabaki tatu tena. Tisa tisa, zikabaki tano. Akasema namba hiyo haikubali fungu lolote: ni moja moja, au zote kwa pamoja. Na ziko nyingi za hivyo, wala hakuna aliyeziibia.

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikasema labda yalikuwa sitini.

Akanitazama. "Mama, mti ulikuahidi sitini?"

Nikazirudisha punje kwenye bakuli.

Huyu ndiye aliyeniogesha nilipovunjika nyonga, mvua zote mbili, masika na vuli, bila kununa. Neno lake moja lilinitosha. Mbona sikulitaka?

Nitasema. Nilifurahi kumshika. Yeye kasoma, kila kitu namuuliza yeye, hata dawa zangu ananisomea yeye. Siku ile nilijiona nami najua kitu asichokijua. Furaha ile ilinijia tamu, nikaitema mbele za watu.

Yudita ameacha kuandika. Ananiuliza, "Mama, hilo la kufurahi nalo niliweke?"

Liweke.

Jana nilimwomba msamaha, akasema yameisha. Hayajaisha. Aliyecheka bado anacheka huko kwake. Keshokutwa akina mama wanakutana kanisani. Nitasimama, nitarudia nilichosema, na nitasema kilikuwa uongo wangu.

Natamani Yudita aje akae pale asikie. Lakini namwombaje tena, mtu ambaye hata aibu yangu ananiandikia yeye?