Maji ya Majivu Yamefika Budondo

Mafubira, Jinja

Mama yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Na yale mabati waliyoyang'oa wanajeshi, mmeshapata mengine, au hapo Nkoma bado mnanyeshewa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mikono imechubuka, na sababu utaisoma hapa.

Katika barua yako ulinikaripia kwamba hujui uwaambie nini wanaokuuliza kazi yangu. Nakuambia bila aibu, mama: tunashona pedi. Tangu vita viishe, zile zenye nailoni zimerudi madukani, lakini haziozi. Katika shule moja ya wasichana huko Budondo zilijaza choo mpaka mwalimu mkuu akazipiga marufuku, na wasichana wakawa wanabaki nyumbani siku zao zikifika. Ndipo tajiri wangu, Mama Nabirye, alipofikiria nyuzi za mgomba.

Tulizikamua, tukazianika, tukazishonea ndani ya kitambaa cha pamba, tukazipeleka kwa majigambo. Utomvu tukausahau, sisi tuliokua tukimenya matoke. Nyuzi zilipolowa zikaacha madoa meusi kwenye sketi, yasiyosikia sabuni wala jua. Msichana mmoja alichekwa darasani akakimbilia kwao. Mwalimu mkuu akatuita.

"Hii kitu yenu nitachukua mara moja tu tena," alisema. "Ikiharibu, msirudi hapa."

Nililia njia nzima. Kesho yake nikiwa nafua ndipo nilipokumbuka wakati ule wa vita sabuni ilipokosekana. Ulikuwa ukichoma maganda ya matoke, unachuja majivu, unachemshia nguo zetu, na hata utomvu unalegea. Nikamweleza Mama Nabirye. Akaguna kwamba hiyo ni sabuni ya njaa. Unanijua nikishika jambo. Tulichemsha nyuzi katika maji ya majivu kutwa nzima, tukasuuza mpaka maji yakatoka meupe, zikawa laini kuliko mwanzo. Pedi moja tukaifukia shambani. Mvua zilipokwisha tukafukua, hatukukuta kitu ila udongo na uzi wa cherehani.

Tukapeleka pedi mpya, na juzi nilikwenda shuleni mwenyewe, nikakaa nyuma ya darasa roho juu. Yule msichana aliyechekwa alikuwa ameninong'oneza mlangoni kwamba amevaa yetu. Mara akaitwa ubaoni. Akaandika hesabu yake mpaka mwisho, akarudi kukaa, na hakujishika sketi wala kujitazama nyuma hata mara moja. Mama, nilijivuna mpaka machozi yakanitoka. Mwalimu mkuu anataka za shule nzima.

Nisalimie baba mdogo kinyozi na dada Mariamu na tumbo lake. Shangazi wa duka la vitambaa mwambie aniwekee vipande vya pamba, asivitupe. Dereva Mkenya anayekuletea barua hii ni mtu mwema, mpe chai.

Na wakikuuliza tena kazi yangu, waambie nafanya ile uliyonifundisha wewe, vitani, kwa maganda ya matoke.

Mwanao anayekukumbuka,
Zaituni