Shangazi, Kaa Kando

Shoga, mtume mwanao muuguzi aje haraka, apite mlango wa nyuma. Mke mwenzangu amekatwa panga mkononi.

Aliyemkata ni mtoto wa kaka yangu. Nami nimempiga mchi. Mimi, ambaye hata wajukuu sijawahi kuwachapa.

Wamekuja vijana watano asubuhi hii, naye yumo, wanasaka watu wa kabila la mke mwenzangu. Akaniambia, "Shangazi, kaa kando. Wewe ni damu yetu."

Kaa kando, shoga. Miaka arobaini na moja tunapika jiko moja. Mume wetu tumemzika pamoja. Wanangu amewanyonyesha yeye nilipolazwa. Siku hizi hata ndoto naota kwa lugha yake.

Nilikuwa bado nashangaa neno hilo, panga likashuka. Mke mwenzangu akakinga kwa mkono. Damu imeruka mpaka kwenye unga.

Ndipo nikainua mchi. Nimesikia bega la mtoto wa kaka yangu likivunjika.

Wenzake wakamburuta nje. Mlangoni akageuka, analia: "Tukirudi, shangazi, tutakuhesabu pamoja nao."

Nikamwambia, "Usingoje kurudi, baba. Nihesabu sasa hivi."