Nani Akae Golini

Ijumaa, 6 Februari 1981

Tumefungwa manne. Manne! Na Izki, watu ambao mwaka jana tuliwachezea tulivyotaka. Bao la tatu mpira ulikuwa unatambaa chini, hata bibi kizee angeudaka. Ghanim, kipa wetu, kaanguka, mpira umeshapita.

Tumerudi Ibra gari moja, mie na yeye. Tulipokaribia nyumbani akasema jua lilimpiga machoni. Jua lilikuwa mgongoni mwake. Nikamwambia ndiyo, lilikuwa kali.

Jumapili, 8 Februari

Ami Nadhir, mkubwa wa timu yetu, kaniita dukani kwake. Anataka Ghanim atoke kabla ya mechi na Sur. Tukifungwa hiyo, kombe basi. Akae Khalaf, yule askari wa Al Kamil. Mie ndiye kepteni, niseme.

Niseme nini? Uwanja ule tuliutoa mawe mie na Ghanim kwa mikono yetu, mwaka tuliofika kutoka Unguja, hata Kiarabu cha kuombea maji hatuna. Hakuna aliyetaka kusimama golini kwenye changarawe. Akasimama yeye. Makovu yale ya magotini hakuzaliwa nayo.

Nikaomba apewe mechi moja tu. Ami Nadhir akasema hiyo moja tumeshampa mara tatu.

Na kuna jambo jingine, naliandika humu tu. Shukriya, dadake Ghanim, anasomesha skuli ya wasichana. Sijaposa bado, nangoja chumba changu kimwagwe zege la juu. Lakini anajua. Na Ghanim anajua, juzi kanitania: wee unangoja nini, nikuletee posa mie?

Basi huyo ndiye ninayetakiwa nimtoe. Lahaula!

Jumanne, 10 Februari

Mazoezini leo Ghanim kadaka yote. Yote! Nikafurahi kama mtoto mdogo. Halafu Khalaf kanivuta pembeni — wenzetu walikuwa wanampigia polepole makusudi, kwa kumstahi. Khalaf mwenyewe kaona haya kunambia.

Alhamisi, 12 Februari

Khalas, nimekubali. Ghanim anatoka.

Ami Nadhir kasema mtu kama yule haambiwi njiani kama mtumishi. Twende kwake watu watano, tumevaa, kwa adabu zote. Nikaona kweli, afadhali heshima.

Jumamosi, 14 Februari

Sijui nianzie wapi.

Tulikwenda baada ya laasiri. Vilemba, jambia viunoni, udi unanukia mpaka barabarani. Ghanim kafungua mlango, katutazama mmoja mmoja, kafika kwangu — akacheka kwa furaha, akanikumbatia. Mie sikufahamu. Wallahi sikufahamu!

Halua ikaletwa, sahani nzuri zile. Nyuma ya pazia wanawake wananong'ona. Ghanim akamimina kahawa. Ami Nadhir akakiweka kikombe chini, hakunywa, nasi tukaweka. Ndiyo desturi ya huku, mwenye haja hanywi mpaka ajibiwe. Hapo ndipo nilipofahamu nyumba ile inadhani tumekuja kwa lipi.

Ghanim hakungoja hata kuulizwa. "Kunyweni jamani. Mlichojia mmeshapewa."

Na kule ndani Bi Aliya, mama yao, akapiga vigelegele.

Wenzangu wakatazamana, hawaelewi. Ningesema! Ningesema tumekuja kumposa Shukriya, nani angenikatalia? Na golini Ghanim angebaki, na timu ingenilaani. Nikabaki naitazama halua. Ami Nadhir akakohoa. "Ghanim mwanangu, tumekuja kwa habari ya goli. Tunaomba umwachie Khalaf."

Vigelegele vikakatika.

Ghanim akaweka birika chini. Akasema, "Nimeshasema mmepewa." Akaingia ndani, akatoka na glovu zake na jezi imekunjwa. Hakuviweka mbele ya Ami Nadhir, kaviweka mbele yangu. "Haya, kunyweni, kahawa inapoa."

Tukanywa.

Jumapili, 15 Februari

Sikwenda kazini. Roho inaniuma.

Ijumaa, 20 Februari

Tumeshinda! Moja bila. Khalaf kadaka penalti, mpira ambao Ghanim asingeugusa. Ami Nadhir alisema kweli, na mie naona.

Ghanim alikuja. Kasimama nyuma ya goli mchezo mzima, anamwelekeza Khalaf: kushoto, toka, subiri. Mwisho katupa mkono sote. Na mie kanipa. Afadhali angenizaba kofi.

Jumatatu, 23 Februari

Sikuweza tena. Nimemtuma mama akapose. Chumba na zege vitajijua.

Bi Aliya kampokea vizuri, kampa chai, kisha kamjibu. Kigelegele chake kilisikika mtaa mzima, kasema. Majirani walikuja na mabruk zao za hongera mpaka magharibi, na kila mmoja ikabidi aambiwe, si harusi, ni mpira. Shukriya alikuwa amekaa palepale anasikia. Hatopiga kigelegele mara ya pili kwa mtu yule yule.

Mama kalia. Mie nimekaa tu.

Alhamisi, 26 Februari

Asubuhi Ghanim kagonga mlango. Mara ya kwanza tangu siku ile. Kasema leo laasiri wanakuja watu wa Izki kumposa Shukriya. Yeye hana ndugu mwengine wa kiume hapa Ibra. Niende nikakae upande wake, tuwapokee wageni pamoja.

Nikamtazama kama ananifanyia stihizai, ananicheza shere. Hata. Uso wake mnyonge tu, wa mtu aliyechoka.

Nikauliza Shukriya kasemaje. "Yeye ndiye aliyesema uitwe wewe."

Sasa laasiri imeshaadhiniwa. Kanzu nimeivaa, nimeivua, nimeivaa tena. Kwa nini niitwe mie? Kunikomoa, nimwone anavyoondoka? Au ananipa nafasi niseme mbele ya watu, safari hii kwa mdomo wangu? Na nikisema, nitamwaibisha Ghanim mbele ya wageni wake. Mara ya pili! Nikinyamaza —

Magari mawili yamepita, yamesimama kwao. Mama yuko mlangoni, anauliza naenda au siendi. Namwambia angoje kidogo, naandika. Anauliza tena. Naweka kalamu chini.