Upande wa Pili wa Kaseti

Jumatano, Agosti 1996

Eti gitaa limemeza sauti yangu! Kiprono ndiye anasema hivyo, na kinanda chake cha kanisani hulia kama ndama amefungiwa nje.

Kaseti imerudi leo kutoka kwake Kipkelion. Kama kawaida yetu, wimbo wangu uko upande wa kwanza, maoni yake ameyarekodi upande wa pili.

"Odhiambo, bwana, unaimba kama mtu anaogopa kuamsha majirani. Sogelea maiki, gitaa linameza sauti yako. Halafu mvua inasikika kwa mabati mpaka mwisho, na hakuna mtu hata anakohoa. Kwani bado unaishi peke yako?"

Nilikasirika. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Gitaa limemeza sauti, kweli.

Ilibaki nifute wimbo nirekodi upya, naye afute maoni yake arekodi mengine, maana kaseti ni hiyo moja tu. Nikaweka maiki karibu, lakini...

Tangu nije kazi hapa kiwandani, nani mwingine ameniuliza kama naishi peke yangu?

Nimevunja kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kaseti, sauti yake isifutike. Kaseti haitoki hapa.

Kiprono atangoja, halafu aseme nimenuna kwa sababu ya gitaa.